Njia Zisizo na Magari: Baiskeli, Migongo na Madaraja ya Mukurweini

Mtu apandaye baiskeli kwa ajili ya matembezi ya mbali, wala si kwa kupeleka maziwa au kuwahi kazini, huwa na haja mbili ambazo aghalabu hazikubali kukaa pamoja: hutaka nchi ya milima yenye miti na maji, na hutaka njia ambayo hatasikia nyuma yake mngurumo wa gari. Nchi ya milima, kwa kuwa mabonde yake ni mengi na vivuko vyake ni vichache, huyasukuma magari yote katika barabara moja au mbili. Na barabara hizo, maadamu ndizo pekee, huwa na kona nyingi na haraka nyingi. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya jambo hili halihitaji ushahidi. Barabara kuu itokayo Kenol, ikapita Sagana na Karatina hadi Marua, yenye urefu wa kilomita 84, imekuwa ikipanuliwa tangu mwanzoni mwa mwongo huu. Matatu na malori huipita usiku na mchana, na magari ya miraa kutoka Meru, yanayoshindana na kunyauka kwa mzigo wao, huipita kwa kasi inayomtia hofu hata dereva mwenzao. Basi husemwa, na wengi wameridhika na usemi huo, kwamba Nyeri ni nchi ya kutazamwa kwa dirisha la gari, na kwamba anayetaka kuizunguka kwa baiskeli haipendi roho yake.

Mimi nasadiki kinyume cha hayo, na mahali ninapotolea hoja ni Mukurweini. Njia zisizo na magari zipo huko tayari, tena kwa wingi ambao nchi nyingi tajiri zingeuonea wivu. Hazikuwekwa kwa ajili ya wapanda baiskeli, hazina vibao wala ramani, na hakuna ofisi inayozihesabu kuwa ni mali. Walakini zinapitika, na zimeungana karibu kutosha. Kilichopungua ni kidogo na hakina gharama kubwa, nacho ni vivuko vya mito.

Mukurweini ni sehemu ya kusini ya kaunti ya Nyeri, Othaya ikiwa magharibi yake, nchi ya Murang'a ikiwa kusini, na bonde la Sagana likiwa chini upande wa mashariki. Haiko njiani kuelekea mji mwingine mkubwa wowote. Atokaye Nairobi kwenda Nyeri au Nanyuki huiacha pembeni bila kujua kwamba ameiacha. Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara, ama kwa mwenye baiskeli ni neema. Asubuhi za Januari na Februari, kabla mawingu hayajapanda, aliye juu ya Gikondi au Giathugu aweza kuyaona majabali mawili kwa mtazamo mmoja: Mlima Kenya wenye mita 5,199 upande mmoja, na upande wa pili safu ya Nyandarua, iitwayo pia Aberdare, ambayo kilele chake kirefu, Satima, hukaribia mita 4,001. Yampasa msomaji kuelewa, ili asije akadanganyika, kwamba Mukurweini yenyewe si msitu. Ni nchi ya mashamba madogo madogo yaliyopandwa miti mingi, migrevilea na mikaratusi, mimakadamia na miparachichi, na hapa na pale mugumo mkongwe ambao hakuna aliyethubutu kuukata; msitu wa dhati huanza magharibi, baada ya Othaya, pale chai inapokoma. Lakini msafiri wa baiskeli hahitaji kulala msituni. Humtosha kuwa kivulini, na kuufikia msitu kwa mwendo wa asubuhi moja.

Umbo la nchi hii lina kanuni moja, na aijuaye kanuni hiyo amekwisha kuijua nusu ya safari. Mito huteremka kutoka Nyandarua ikielekea mashariki, mmoja ubavuni mwa mwenziwe, ikichimba mabonde marefu yanayokwenda karibu sambamba, mpaka inapokutana na Sagana, ambao ukizidi kushuka huitwa Tana, ukaenda kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mashuhuri miongoni mwa mito hiyo ni Gura, uporomokao ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare mkabala wa maporomoko ya Karuru, ambayo yenyewe hushuka mita 273 kwa ngazi tatu. Kasi yake ni ya kutisha, na sauti yake husikika kabla maji hayajaonekana. Baina ya mto na mto umelala mgongo wa ardhi, na juu ya mgongo huo ndiko ziliko nyumba, makanisa, shule na barabara. Anayefuata mgongo kutoka mashariki kwenda magharibi hupanda polepole, pengine saa nzima, pasi na kugundua kwamba amepanda. Anayeukata mgongo kwenda kaskazini au kusini hutumbukia bondeni ghafula, huvuka maji, kisha hukabiliwa na ukuta wa udongo mwekundu unaomlazimu kushuka na kuisukuma baiskeli kwa mikono miwili. Ramani ionyeshayo umbali peke yake humdanganya mgeni, kwani kilomita 4 za kukata mabonde matatu humchosha mtu kuliko kilomita 20 za mgongo mmoja.

Njia za migongo hazikuja zenyewe, na historia yake haipendezi yote. Wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, wakati Dedan Kimathi na wapiganaji wenzake wa Mau Mau walipokuwa katika misitu ya Nyandarua, serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wagikuyu kutoka katika maskani yao ikawaweka katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na walinzi. Na wanavijiji hao, wengi wao wakiwa wanawake kwa sababu waume zao walikuwa kizuizini au msituni, walitolewa kila siku kufanya kazi ya shuruti isiyo na ujira, ikiwamo kuchimba barabara ili askari wafike kila mgongo. Katika miaka hiyo hiyo, chini ya mpango wa 1954 ulioitwa kwa jina la Roger Swynnerton, vipande vya ardhi vilivyotawanyika vilikusanywa, vikapimwa, na kila jamaa ikapewa shamba moja, aghalabu ukanda mrefu unaoanzia barabarani juu ya mgongo na kuishia mtoni. Wapimaji waliacha baina ya mashamba hayo njia za kupitia watu na mifugo. Nyingi zingali wazi hadi leo, na hizo ndizo mishipa midogo ya nchi, ambayo gari haliwezi kuingia lakini baiskeli huteleza kama maji. Naona ni haki msafiri ayajue haya yote. Anapofurahia ulaini wa mteremko, anafurahia jasho la watu ambao hawakuulizwa.

Baada ya vita kahawa iliichukua kazi ya askari. Mkulima wa Nyeri, aliyekuwa amezuiwa kwa miaka mingi kulima zao hilo ili asishindane na mlowezi, alipopewa ruhusa alilima kwa bidii isiyo kifani, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kumenyea buni mbichi. Kiwanda cha kahawa hakijengwi juu ya mgongo. Kazi yake ni kumenya na kuosha, nayo huhitaji maji mengi, basi hukaa chini, kando ya mto. Kwa hiyo kila kiwanda cha Rumukia, ambacho ni chama cha ushirika cha wakulima wa Mukurweini, na kila kiwanda cha wakulima wa Othaya, kimezaa njia iteremkayo kutoka mgongoni hadi majini kwa mizunguko iliyopimwa ili punda aliyepakiwa mzigo na mtu aliyebeba gunia waweze kuipanda. Mwinuko wa njia hiyo ni mwinuko ambao mtu aliyechoka anauweza. Sijui jambo jingine katika nchi hii ambalo limemtayarishia mpanda baiskeli ngazi za kushukia bondeni kwa uangalifu namna hiyo, ilhali waliolitayarisha hawakumfikiria hata kidogo.

Chai nayo ina njia zake, juu zaidi, katika nchi ya viwanda vya Chinga na Iria-ini huko Othaya na cha Gathuthi huko Tetu. Hapo kila mkulima hupeleka majani katika kituo cha kununulia, banda dogo la mabati kando ya barabara, na lori la kiwanda hupita kuyakusanya. Pale mashamba ya watu yanapokoma umenyooka ukanda mwembamba wa chai ya serikali, Nyayo, ulioanza kupandwa 1986 kuwa mpaka baina ya wakulima na msitu, ili mtu asizidi kuula msitu kidogo kidogo kwa jembe. Njia zinazopita kandokando ya ukanda huo, chai ikiwa mkono mmoja na msitu mweusi ukiwa mkono wa pili, ndizo nzuri kuliko zote nizijuazo katika kaunti hii, na ninazitaja kwa hofu kidogo, kwa kuwa uzuri uliotajwa mno huvuta magari.

Ama magari yenyewe, yanayopita katika njia hizi ni yapi? Pikapu ya maziwa hupita alfajiri, kwani Mukurweini ni nchi ya ng'ombe wa gredi, na kampuni ya maziwa ya wakulima wenyewe hukusanya kutoka migongo yote. Lori la chai hupita kwa saa zinazojulikana. Lori la kahawa huonekana kiwandani siku chache tu za mwaka, wakati kahawa iliyokaushwa inapopelekwa kukobolewa. Siku ya soko njia hujaa asubuhi na jioni, siku ya Jumapili hujaa watu wa kanisani wanaotembea kwa miguu, nao hawamdhuru mtu. Zaidi ya hapo gari ni tukio. Mwenye kupanga safari yake kwa kuuliza lori hupita saa ngapi, swali ambalo mwenye duka yeyote hulijibu kwa furaha, aweza kwenda kutwa nzima bila kusogea pembeni zaidi ya mara chache.

Kuna shaka moja ya haki hapa, nayo ni bodaboda. Uchukuzi huu ulianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, lakini tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo 2008, injini imekishika kila kijia ambacho hapo kwanza kilikuwa cha miguu na matairi membamba. Pikipiki hupita pale gari lisipopita. Basi njia isiyo na magari si lazima iwe njia isiyo na kelele. Sitaki kuungana na wale wanaowashutumu vijana hawa. Mgonjwa wa Wamutitu au wa Ichamara aliyepelekwa hospitali usiku wa manane na bodaboda hana haja ya kusikia hotuba juu ya utulivu. Nasema tu kwamba pikipiki, kama lori, hufuata abiria, na abiria hukaa juu ya mgongo. Ukishuka katika njia ya kiwandani wakati usio wa mavuno, au ukishika kijia cha baina ya mashamba, sauti yake hupungua, kisha hupotea.

Katika nchi nyingine suala hili limejibiwa kwa namna ambayo sisi hatuwezi kuiiga. Huko Marekani, katika jimbo la Wisconsin, njia ya reli iliyoachwa baina ya Elroy na Sparta iligeuzwa kuwa njia ya baiskeli katika miaka ya 1960. Hispania ilianza 1993 mpango wa kuzigeuza reli zake zilizokufa kuwa njia za kijani. Na sifa ya njia hizo ni kwamba garimoshi halipendi mlima, basi mwinuko wake ni mdogo hata mtoto anauweza. Nyeri nayo ina reli, ile iendayo Nanyuki kupitia Karatina na Kiganjo, na iliwahi kulala miaka mingi nyasi zikiota baina ya pau zake. Lakini 2020 ilifufuliwa, na abiria wakarudi. Nafurahi kwamba ilifufuliwa. Nchi yenye barabara za kuua watu haina haki ya kuomba reli zake zife ili wachache watembee. Jibu letu lazima litoke kwingine.

Wengine huitazama misitu yenyewe. Kwa nini, huuliza, msafiri asipande kutoka Othaya moja kwa moja hadi katika Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, akaivuka safu yote na kutokea Kinangop? Yapo mageti, Kiandongoro na Wandare na Ruhuruini, na zipo barabara za ndani. Lakini hifadhi hiyo, iliyowekwa 1950, ni maskani ya ndovu na nyati, na nyati wa Nyandarua, aliyezoea ukungu na mianzi, huonekana wakati ambapo umekwisha kumkaribia. Sheria za hifadhi zimetengenezwa kwa mtu aliye ndani ya gari, na sababu zake si upuuzi. Hell's Gate, karibu na Naivasha, imekuwa mashuhuri kwa kuwa mgeni huruhusiwa kuizunguka kwa baiskeli peke yake kwa sababu ni wazi na wanyama wake wengi ni wapole. Huwezi kuichukua ruhusa hiyo ukaihamishia katika msitu ambao jicho halipenyi hatua kumi. Uzio wa umeme wa karibu kilomita 400, ulioanzwa 1989 kwa juhudi za shirika la Rhino Ark na kukamilika 2009, umeizunguka Nyandarua yote, na umeleta amani ya kweli: ndovu halali tena katika mahindi ya mtu. Upande wa nje wa uzio huo baiskeli ni salama. Upande wa ndani yampasa mtu awe na askari wa wanyama, au abaki nje.

Lakini baina ya hifadhi na shamba kuna tabaka la tatu ambalo watu hulisahau, nalo ni msitu wa serikali ulio chini ya Shirika la Huduma za Misitu, wenye vituo vyake kama Zuti, Kabage na Kiandongoro. Sheria ya 2005, na ile ya 2016 iliyoifuata, iliwapa wanavijiji wa kandokando haki ya kujiunga katika vyama vya misitu vya jamii na kuweka mkataba wa kuutunza msitu na kunufaika nao, na matembezi ya wageni ni mojawapo ya manufaa yanayokubalika. Mfano upo Nairobi. Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai, binti wa Ihithe hapa Nyeri, aliupigania hadi akamwagika damu Januari 1999 ili usigawiwe wajenzi wa majumba, leo una njia za baiskeli, na baiskeli zenyewe hukodishwa kwa saa, na fedha zake husaidia kuulinda. Huko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, Mount Kenya Trust huandaa mbio za baiskeli za mlimani ziitwazo 10to4, na mapato yake huenda katika kuuhifadhi mlima. Kama msitu ulio katikati ya jiji umeweza, seuze msitu wa Zuti, ambao mti wake mmoja una umri mkubwa kuliko barabara zote za Nairobi.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni lami isiyo na mpango. Barabara ya kutoka Ihithe kuvuka Nyandarua hadi Ndunyu Njeru imebishaniwa kwa miaka mingi. Januari 2024 idhini ya mazingira ilitolewa ili ijengwe, Shirika la Huduma za Wanyamapori likiwa halikuitaka, na mahakama ya Nyeri ikalisimamisha jambo. Anayeitaka barabara hiyo ana hoja: mkulima wa kaunti ya Nyandarua apeleka viazi Nyeri kwa kuzunguka safu nzima. Anayeikataa ana hoja pia, na kwangu yake ni nzito zaidi, kwa kuwa safu hii ndiyo huinywesha Tana na mabwawa ya Nairobi, na msitu uliopasuliwa na barabara hauzibiki. Lakini ukiacha kesi hii kubwa inayojulikana na magazeti, kuna lami nyingine inayoendelea kimya kimya juu ya migongo ya chini, na ule mpango uitwao barabara za Mau Mau, upitao katika nchi ya chai ya kaunti za Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, ndio mkubwa kuliko yote. Kila mwaka mgongo mmoja hupata lami, na kwa kila lami hupatikana matatu mpya.

Je, tuwaombe wakulima waendelee kukwama katika matope ili mgeni apate utulivu? Hasha. Aliyewahi kuona buni mbichi zikichacha katika gunia kwa sababu mvua ya Aprili imeifunga njia, bei ya mwaka mzima ikaharibika kwa usiku mmoja, hawezi kulitamka ombi hilo. Udongo mwekundu wa Nyeri ni mwema ukiwa mkavu, ila ukilowa hunata katika magurudumu hata yasizunguke, na hauchagui baina ya lori la kahawa na baiskeli ya mtalii. Mkulima ana haki ya lami, na mimi namtakia. Swali la kufaa ni lami hiyo ipite wapi, na kitu gani kijengwe sambamba nayo. Nalo jibu lake limeandikwa katika umbo la nchi: acha lami ifuate migongo, kwani huko ndiko watu walipo na ndiko maji ya mvua huondoka upesi, na acha mabonde yavukwe kwa miguu.

Hapa ndipo ninapofika katika jambo la vivuko. Migongo miwili jirani, ambayo jogoo wa mmoja husikika akiwika katika mwingine, yaweza kuwa mbali kwa gari kwa mwendo wa kuchosha, kwa sababu gari lazima lishuke hadi kwenye daraja kubwa la chini au lipande hadi barabara ya juu, kisha lirudi. Mtu wa miguu huvuka kwa magogo mawili yaliyolazwa juu ya maji. Mtoto aendaye shule huvuka hapo, mama aendaye kiwandani na gunia mgongoni huvuka hapo. Na mvua za masika zikija, magogo huchukuliwa, na mwaka baada ya mwaka mtu huchukuliwa pamoja nayo. Daraja la miguu la chuma na zege, pana kiasi cha watu wawili kupishana, jembamba kiasi cha gari kutoingia, huunganisha migongo miwili na kuzaa njia ambayo gari haliwezi kuifuata hata likitaka. Madaraja matano au sita ya namna hiyo katika vivuko vilivyochaguliwa vizuri, kutoka Gakindu na Giathugu kwenda Othaya na kupanda hadi ukanda wa Nyayo, yangemwezesha msafiri kwenda kutoka bonde la Sagana hadi ukingo wa msitu bila kukanyaga lami isipokuwa pale anapoikata. Wala yasingejengwa kwa ajili yake. Yangejengwa kwa ajili ya mtoto na mama yake, naye msafiri angeyafaidi kwa hisani tu, kama alivyofaidi njia za kiwandani.

Jirani zetu wamekwisha kuonyesha kwamba njia ya namna hii huleta wageni. Rwanda, nchi ya vilima kama vyetu, imeunganisha njia za vijijini kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, kilomita 227, ikaiita njia ya Congo na Nile. Sehemu kubwa yake ni barabara za udongo zilizokuwapo tangu zamani, na kazi iliyofanywa ilikuwa ya kuzichagua, kuzitia alama na kuwaandaa wenyeji kupokea wageni. Huko Tanzania, Kilimanjaro imeruhusu baiskeli katika njia ya Kilema. Na 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, yakaiacha dunia ikiwa imeona kwamba vilima vya Afrika Mashariki na baiskeli havina uadui. Kenya haikosi watu: David Kinjah amewalea vijana wa baiskeli katika kijiji chao huko Kikuyu kwa miaka mingi, na Chris Froome, aliyejifunza kwake, alikuja kushinda Tour de France mara nne. Tulichokosa ni kuamini kwamba njia zetu za mashamba zina thamani.

Baiskeli ifaayo si ya ajabu. Ile nyeusi nzito, Black Mamba kama iitwavyo, iliyobeba maziwa na magunia ya kahawa kwa vizazi viwili, huimudu migongo lakini huukataa ukuta wa bonde. Yenye gia nyepesi na tairi pana hufaa zaidi, na breki zake zikaguliwe kabla ya kila mteremko, kwa kuwa vumbi jekundu huzila upesi. Fundi wa kuziba pancha hupatikana katika kila soko. Mtu aepuke Aprili na Mei, na Novemba pia kama aweza. Julai ni baridi na ukungu, ila kavu, na ukungu una uzuri wake. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuuona mlima. Chakula si shida mahali penye mukimo, maziwa na ndizi. Tatizo ni malazi, kwa maana hoteli zimejikusanya Nyeri na Nanyuki, na vijijini bado mtu hutegemea ukarimu, ambao upo, lakini haifai kumlemea mwenyeji pasi na kumlipa. Chama cha misitu au cha kahawa kinachoweza kuhesabu kilo za buni za wakulima elfu kadhaa hakishindwi kupanga zamu za nyumba za wageni.

Tangu katiba ya 2010, barabara za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti, na vidaraja vya mabondeni viko humo. Kila mwaka, kabla bajeti haijapitishwa, huitishwa katika wadi vikao vya ushirikishwaji wa umma, mara nyingi katika ukumbi wa kanisa au uwanja wa chifu, na wananchi husema wanachokitaka. Huko daraja la miguu huombwa mara nyingi na wazazi wa wanafunzi, na mara nyingi hushindwa na barabara, kwa kuwa barabara ina wenye magari wanaoisemea kwa sauti kubwa. Wapanda baiskeli wa Nyeri na wa Nairobi, ambao hupita Gikondi na Rugi mwisho wa juma wakisifu mandhari, bado hawajazoea kuhudhuria vikao hivyo. Vimefunguliwa kwao kama kwa mtu yeyote mwenye ushauri, na kauli yao ingekuwa na uzito wa namna yake, kwa sababu ni watu wasio na shamba katika mgongo wowote, wanaoomba daraja lile lile analoliomba mama wa Giathugu.